Siku Ofisi ya Mjukuu Wangu Ilipokuja Msibani

Mimi ni fundi wa nguo. Nina kibanda Malvern, kwenye barabara ya Jules, na nyumba ya kupanga Bertrams, na katika maisha yangu yote ya Johannesburg sikuwahi kuinamisha uso mbele ya mtu. Nimelala na njaa huku. Nimekimbizwa na askari wa jiji nikiwa na cherehani kichwani, na nikageuka nikawatukana. Aibu nilikuja kuijua uzeeni, sebuleni kwangu, Jumamosi mchana, watu wakinywa chai niliyoipika mimi.

Mjukuu wangu wa kike nimemlea mimi, mimi na mdogo wangu wa kiume aliyebaki Kigoma. Mama yake alimwacha akiwa mchanga akaenda kuolewa mbali, mdogo wangu akamchukua, na nilipopata pa kumlaza huku nikamleta. Nilimsomesha kwa sindano. Alipomaliza akaajiriwa na kampuni ya bima, kazi ya kupokea malalamiko ya wateja kwenye kompyuta na kuyatafutia majibu. Tangu ule ugonjwa uliowafungia watu wote ndani, kampuni ilikuwa imeruhusu wafanyakazi wake wafanyie kazi nyumbani. Basi akawa anafanyia kazi kwenye meza yangu ya kukatia nguo, na Bertrams mnaijua. Siku ya mechi uwanjani unasikia kelele mpaka ndani ya sufuria. Umeme unakatika katikati ya sentensi. Jirani wa kushoto ana muziki, wa kulia ana mbwa.

Siku moja nilimkuta anakunja nguo.

"Bibi, nakwenda kukaa Varna."

"Varna ndiyo nini?"

"Mji. Uko Bulgaria, Ulaya, kando ya bahari. Chumba chenye dirisha la baharini kule kodi yake ni ndogo kuliko chumba cha Hillbrow kisicho na dirisha kabisa. Mtandao unakwenda kama maji. Na saa zao zinakaribiana na zetu, kwa hiyo kazi haitaharibika."

"Umepata kazi huko?"

"Kazi ni ile ile. Nabadilisha kiti tu."

"Kiti gani kinafuatwa kwa ndege?"

Akacheka. Visa alikuwa ameipata kwa kujiandikisha kusoma lugha ya kule. Nikamuuliza wenye kampuni wamesemaje. Hapo akawa anakunja blauzi moja muda mrefu kuliko inavyostahili blauzi.

"Hawajaulizwa. Wao wanajua naishi Bertrams, kwako. Wakijua nimetoka na kompyuta yao nje ya nchi, kazi sina. Kwa hiyo Bibi, tafadhali, mtu akiuliza, mimi niko Bertrams."

Nilimwahidi. Tena nilimkatia kipande cha kitambaa sawasawa na pazia la sebuleni kwangu, aende akakitundike nyuma ya kiti chake, ili wakubwa zake wakimwangalia kwenye kompyuta waone Bertrams. Nilikishona pindo kwa furaha. Wakati huo niliona ni ujanja, wala sikuona ni uongo.

Sasa nieleze nilivyofanya, maana lawama ni yangu. Kanisani kwetu tuna ibada ya Kiswahili, na baada ya ibada akina mama tunakunywa chai, na kwenye chai kila mama mwenye habari njema husimama akaisema. Tunatoka kila mahali, Watanzania, Wakongo, Warundi, Wakenya wachache. Mmoja mwanawe yuko Kanada. Mwingine binti yake ameolewa Norwe, anatuletea picha za theluji mpaka tunasikia baridi. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa nakaa tu na kikombe changu. Jumapili ile nikasimama.

"Mjukuu wangu amepata kazi Ulaya."

Sikusema amepata chumba, nilisema kazi. Vigelegele vilipigwa mpaka watoto wakaja kuchungulia mlangoni. Mwenyekiti wetu, Mkongo, msusi wa nywele kule Hillbrow na rafiki yangu wa siku nyingi, akanikumbatia akanitia mafuta ya nywele shavuni. Wiki iliyofuata nikawashonea vitenge vya sare kwa ajili ya shukrani, na shukrani tukaitoa mbele ya kanisa zima. Nilijiambia sijavunja ahadi. Mtoto aliogopa wenye kampuni wasijue, na hawa si wenye kampuni. Kwamba kampuni yenyewe ni ya hapa hapa Johannesburg, hilo sikuwaambia. Lingeshusha bei.

Kuanzia hapo kila alipopiga simu ya picha niliwaonyesha. Nilimwambia, geuza simu tuone bahari. Akageuza.

"Dada, hii bahari inaitwaje?" msusi akauliza.

"Bahari Nyeusi," nikamjibu.

"Mbona iko ya bluu?"

"Uliza wenyewe wa Ulaya."

Mjukuu wangu alikuwa anacheka upande wa pili. Alituonyesha chumba, kitanda, kijiko cha umeme cha kuchemshia maji, meza chini ya dirisha. Alikuwa amevaa blauzi ya ofisini juu na suruali ya kulalia chini. Alituambia wale ndege weupe wa baharini wanapiga kelele kama watoto waliofungiwa nje, na kwamba akiwa na kikao cha kazi anafunga dirisha. Nilijua kwa nini analifunga. Wenzangu walidhani ni adabu ya kizungu.

Kisha mdogo wangu akafa Kigoma.

Sikuweza kwenda kuzika, kwa hiyo tukaweka matanga Bertrams. Meza na makochi tukayasukuma nje uani, tukatandika mikeka, picha yake nikaiweka juu ya kigoda na mshumaa, akina mama wakaja wakakaa chini na mimi. Mjukuu wangu alilia kwenye simu hadi nikamwogopea. Yule ndiye aliyekuwa baba yake, useme nini. Akaniambia ameomba ruhusa ya siku mbili kazini.

"Umewaambiaje?"

"Ukweli, Bibi. Kwamba Babu amefariki."

"Mkubwa wako amesemaje?"

"Amesema pole, nipumzike."

Hilo ndilo kosa letu, na ni sisi tu tungeweza kulifanya. Kampuni nyingine hutuma maua, au maneno mawili kwenye kompyuta, wamemaliza. Lakini mkubwa wake alikuwa Mkenya, mama wa makamo, na sisi tulijua ni Mkenya, na bado hatukufikiri. Mkenya hata umpe ofisi ya vioo Rosebank, akisikia msiba swali lake la kwanza ni nyumba iko wapi. Na anwani waliyokuwa nayo ofisini ilikuwa yangu.

Jumamosi mchana, nyumba imejaa, gari likasimama nje. Akaingia mama amevaa nguo nyeusi na kilemba, nyuma yake vijana wawili wa ofisini, mmoja amebeba sukari na majani ya chai, mwingine mikate. Walivua viatu mlangoni. Yule mama akataja jina la mjukuu wangu.

"Tunafanya kazi naye," akasema. "Tumekuja kuwapa pole. Pole sana, shosho." Shosho kwao Kenya ni bibi.

Akina mama wakasogea kuwapisha, na msusi, ambaye hata msiba haumfungi mdomo, akawapokea kwa mikono miwili.

"Karibuni, karibuni sana. Munatoka Ulaya leo? Ndege iliingia saa ngapi?"

Yule mama akatabasamu, nadhani alifikiri ni mzaha.

"Ulaya? Hapana mama. Tumetoka Rosebank. Ofisi yetu iko Rosebank."

"Rosebank gani?"

"Hii hii."

"Hii ya hapa, ya kupanda taksi moja?"

"Ndiyo. Kampuni ni ya hapa."

Niliwasikia wakinyamaza, mmoja baada ya mwingine, kama taa zinavyozimwa chumba kwa chumba. Kijiko kikaendelea kukoroga chai mahali fulani, kisha nacho kikaacha. Sikumtazama mtu. Niliitazama picha ya mdogo wangu, naye alikuwa amepigwa akicheka.

Mgeni hakuelewa. Alikuwa anaangalia kuelekea vyumbani.

"Na yeye yuko wapi? Amejilaza? Msimwamshe, tutamsubiri."

Nitaandika nilichosema kama nilivyokisema.

"Amekwenda Kigoma. Kuzika. Aliondoka jana."

Sebule nzima ilijua. Kila mama pale alikuwa ameiona ile bahari, na kila mmoja alikuwa amevaa kitenge changu siku ya shukrani. Mama mmoja mzee alivuta ushungi akafunika mdomo. Msusi alinitazama, kisha akatazama kucha zake. Walinisitiri. Niseme hivi, kusitiriwa na watu ambao umetoka kushikwa ukiwadanganya ni kubaya kuliko kuumbuliwa. Ukiumbuliwa angalau unaweza kupigana.

"Amefanya vizuri sana," yule mama akasema. "Aliniambia huyu babu ndiye aliyemfundisha kuogelea. Tuombe, tafadhali."

Akapiga magoti kwenye mkeka na gauni lake zuri. Alimwombea marehemu, akaniombea mimi, kisha akamwombea mjukuu wangu safari njema. Alimwomba Mungu amlinde njiani, amfikishe Kigoma salama, ampe nguvu pale kaburini. Alilitaja kaburi kana kwamba analiona. Sote tukasema amina. Mimi pia nilisema amina, na sauti yangu niliisikia iko juu kuliko za wengine.

Hapo simu yangu ikalia.

Kwetu mfiwa hashiki simu yake. Simu ya mfiwa inapokelewa na mtu mwingine, na tangu siku ya kwanza ya matanga mjukuu wangu alikuwa akipiga mchana ili asikie nyimbo, simu ikawa inazungushwa mkono kwa mkono, kila mmoja anampa pole. Binti wa jirani alikuwa jikoni na masinia, hakuwa amesikia lolote. Akatoka, akafuta mikono, akaichukua pale kwenye kigoda, akaiinua juu.

"Huyu hapa wa Ulaya, anasalimia msiba."

Nikanyoosha mkono. Sikufika. Simu ilikuwa imeshaanza safari yake, kutoka mama mmoja hadi mwingine, na wao nao, maskini, kila aliyeipokea aliipitisha kwa haraka kama kaa la moto, pole mwanangu, pole, na kila kuipitisha kuliisogeza kwa mgeni. Ikamfikia mkononi.

Niliona alichokiona kwa sababu alikuwa karibu nami, bega kwa bega. Mjukuu wangu alikuwa amekaa chini. Amejifunga kanga kifuani na kichwani, godoro amelitoa kitandani amelitandika sakafuni, ameweka mshumaa na picha ya babu yake aliyoichapisha huko huko. Alikuwa ameweka matanga peke yake, katika mji ambao hakuna aliyejua anamlilia nani. Na nyuma yake dirisha lilikuwa wazi lote, bahari imejaa mpaka pembeni, na wale ndege wanapiga kelele.

"Shikamoo ma..." akaanza, akamwona ni nani.

Mimi nilikuwa nahesabu, atasema nini, atapiga kelele kiasi gani, mbele ya nani.

"Pole sana, mpenzi," akasema. "Pole kwa babu."

"Asante, madam."

"Umekula leo?"

"Bado."

"Kula kitu. Hata chai na mkate."

"Sawa, madam."

"Haya. Hayo mengine tutaongea Jumatatu. Leo ni siku ya babu."

Akaipitisha simu kwa aliyefuata. Kisha akachukua kikombe chake akakinywa chote, taratibu, bila kubakisha, na mimi nikiwa nimekaa pembeni yake nasikia kila tone linavyoshuka kooni.

Walipoondoka nilimfuata hadi getini, bila viatu.

"Mama yangu, nisamehe. Usimfukuze mtoto."

"Shosho, mimi si mwenye kampuni. Mimi pia nina mkubwa wangu."

"Ni mimi niliyemwambia afiche. Mimi ndiye niliyemtuma."

Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Usiniongezee uongo mwingine," akasema. "Umeshaniombesha Mungu juu ya safari ambayo haipo. Hilo limeniuma kuliko kompyuta."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu anayemuaga mfiwa, akaingia garini.

Niliporudi ndani akina mama walikuwa wameanza wimbo, wakuu kwa wadogo, bila kunitazama. Nikakimbilia jikoni. Msusi alikuwa anaosha vikombe.

"Kumbe ni kazi ya Rosebank," akasema.

"Ndiyo."

"Na sisi tulipiga vigelegele, tukashona na sare."

"Ndiyo, dada."

Akasuuza kikombe, akakitazama ndani, akakisuuza tena.

"Unajua kijana wangu ni mlinzi pale Hillbrow. Anasimama mlangoni mwa jengo usiku na mchana. Eish, nilimtukana, dada. Nilimwambia, ona wenzako, mtoto wa fundi wa nguo ameitwa na Wazungu kwao, wewe unafungulia watu geti. Hajaja kwangu tangu siku ile. Sasa mimi nitamwambia nini?"

Nilichukua kitambaa nikawa nafuta vikombe anavyonipa. Tulivimaliza vyote hivyo hivyo, yeye anaosha, mimi nafuta, na alipoondoka aliniaga kwa heshima, kama tunavyowaaga watu tusiowajua sana.

Jumatatu mjukuu wangu aliitwa kwenye kikao. Wakubwa walitaka kumwachisha kazi siku hiyo hiyo. Yule Mkenya ndiye aliyemsimamia, nikaja kuambiwa, akasema huyu mtoto kazi yake haina doa na yuko kwenye msiba. Wakampa uamuzi. Arudi kabla ya mwisho wa mwezi, awe anakwenda ofisini kila siku kama wafanyakazi wengine, au aiweke kompyuta chini.

Alirudi. Nilikwenda uwanja wa ndege kumpokea peke yangu, sikumwambia mama yeyote. Alitoka na sanduku moja, amekuwa mweusi wa kupendeza kwa jua la kule, akapiga goti pale pale kwenye umati.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Ndani ya gari nilijitahidi kutazama dirishani. Tulipofika kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, ikawa nyekundu, na nikaona kama ni sasa au kamwe.

"Nimekuharibia."

"Ningejulikana tu siku moja, Bibi."

"Niliwaambia watu wote umepata kazi Ulaya. Nilisimama kanisani nikasema hivyo."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Msusi alinipigia zamani. Aliniuliza kama huko nilikoajiriwa wanatafuta watu wa kusuka."

"Na ukamjibuje?"

"Nilimwambia nitamwangalizia." Alikuwa anacheza na mkanda wa mkoba. "Ulikuwa na furaha sana kwenye simu, Bibi. Sikutaka kukunyang'anya."

Dereva akaondoa gari. Nilidhani aibu yangu yote nilikuwa nimeiacha pale sebuleni, kumbe sehemu kubwa ilikuwa njiani inakuja. Mtoto niliyemlea mimi alikuwa amebeba uongo wangu juu ya uongo wake, miezi yote ile, ili mimi niendelee kusimama kwenye chai.

Sasa anakwenda Rosebank kila asubuhi. Kompyuta anaiweka kwenye mfuko wa nailoni wa sokoni, juu yake anaweka fungu la spinachi, ili wezi waone mboga. Namsindikiza mpaka anapopandia taksi. Ananiambia nirudi, na mimi sirudi hadi taksi iondoke. Hajawahi kunisema hata kwa kuguna. Afadhali angefoka siku moja, avunje hata sahani, nami nipate pa kushika.

Juzi tulikuwa tunakula ugali, nikamuuliza anakumbuka nini cha kule. Nilitegemea atasema bahari.

"Kutembea," akasema. "Jioni nikifunga kazi nilikuwa naitia kompyuta begani, nje nje hivi, natembea kando ya maji hadi giza linaingia. Bibi, sikuwa nageuka nyuma. Ilinichukua muda kugundua kwamba sigeuki."

Hakulisema kwa kunichoma. Nilikuwa nimemuuliza, naye akajibu, akaendelea kula. Nikamwongezea mboga kwenye sahani, nikamwongezea tena, mpaka akaniambia, Bibi, basi, imetosha.